Keki ya Wendell

Walimkatia keki siku ya Ijumaa,
imeandikwa kwa sukari ya buluu:
PUMZIKA, WENDELL.
Fundi mdogo wa zamu ya usiku
alichukua pembe yenye PUM, akaimaliza kwa matonge matatu,
kwa kuwa alikuwa na njaa na hakuwa na hotuba.
Miaka thelathini na minane kwenye kreni
ya gati la chuma, mjini Duluth, ukingoni mwa ziwa
ambalo baridi yake hung'ata hata Juni.
Wakampa saa ya ukutani.
Akacheka: sasa ndiyo mnanipa saa,
sasa nisipokuwa na pa kuwahi?

Hiyo ilikuwa Januari.

Kufikia Mei saa ilishapata kazi.
Saa mbili na nusu asubuhi soko la hisa hufunguliwa,
na Wendell yuko mbele ya kompyuta
amevaa koti la kazini, kama anayengoja kuitwa.
Nyekundu. Jana nyekundu. Juzi kijani kidogo,
kama jani la kitunguu lililosahauliwa kwenye friji,
kisha nyekundu.

Akiba haiozi, husemwa.
Kweli, haiozi. Haina harufu, haina funza,
hakuna mlango uliovunjwa ili uite polisi.
Unalala nayo ikiwa nzima,
unaamka imepungua kwa bei ya gari.

Darlene, mkewe, hatazami skrini.
Soko lake yeye ni lile lenye troli.
Mfumuko wa bei anaupima kwa mkono:
noti zaidi, mfuko mwepesi.
Trei ya mayai ameiinua, ameirudisha,
ameiinua tena, amefunua kifuniko
akayahesabu, kumi na mawili,
kana kwamba kwa bei ile
huenda wametia la kumi na tatu.

Uani, chini ya turubai, mbao za mwerezi.
Hizo zingekuwa sauna. Babu yake, alipofika kutoka Ufini,
aliijenga ya kwake kabla ya nyumba.
Mkopo ulipigiwa hesabu kwa riba ya asilimia tatu;
kijana wa benki, Brody Engstrom, akapiga simu
kwa sauti laini ya daktari wa meno:
tatu imekuwa tano, na mwezi ujao hatuahidi.
Benki Kuu inapandisha riba, alieleza, ili bei zishuke.
"Na mimi," Wendell akauliza,
"niko upande gani wa mzani huo?"
Brody akasema atamtumia barua pepe.

Usiku mtangazaji akatangaza: dubu ameingia sokoni.
Ndivyo wanavyosema hisa zikiporomoka.
Wendell akazima televisheni.
Dubu yeye anawajua. Wawili huja
kila theluji ikiyeyuka, hupindua mapipa ya taka,
hulamba kopo la samaki,
huondoka bila kumdai mtu kitu.
"Huyo wao ni mnyama mwingine," akamwambia Darlene.
"Wamemsingizia dubu."

Wachumi walibishania jina:
ni mdororo, au ni hofu ya mdororo?
Nyumbani kwa akina Maki jina lilikuwa halijafika,
ila Darlene alishapunguza moto wa sebuleni nyuzi mbili
na mbwa akaanza kulala juu ya miguu ya watu.

Jumatatu moja ya Septemba
Wendell akapita getini na kikopo cha chakula.
Hakuna aliyeuliza. Fundi mdogo
akamsogezea kiti, akamsukumia kahawa,
akajifanya anatafuta spana.
Ndani ya friza, nyuma ya mifuko ya barafu,
kulikuwa na kipande cha keki, kigumu kama tofali,
buluu yake imepauka: ZIKA.

Alikitazama kwa muda.
Akakichovya kwenye kahawa, akaanza na Z.

Nyumbani ikafika saa mbili na nusu.
Darlene akaifunika kompyuta
kwa kitambaa cha mkate.